Muguka: kila mlango nabisha naambiwa si hapa. Sasa kazi ya mbunge ni ipi?

UmmuSalim

Assalam aleikum, na wengine wote hamjambo. Naandika saa hizi za usiku manake usingizi hauji na hili jambo lanikaa kooni tangu jumamosi.

Nna kijana wangu wa pili, ana miaka 17, yuko fomu tatu, ama niseme alikuwa, manake tangu muhula uliopita shule haendi. Asubuhi alikuwa atoka na yunifomu imepigwa pasi, mimi najua mtoto ameenda kusoma, kumbe yuwaishia kwenye kibanda cha muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, kilicho nyuma ya ukuta wa shule yenyewe. Nimeenda nikahesabu kwa miguu yangu, kutoka geti la shule mpaka pale ni hatua 140. Nikimfulia suruali mifuko imejaa majani yaliyokauka na karatasi za chingamu za Big G, na ile harufu haitoki hata niloweke mara mbili. Usiku halali, azunguka sebuleni, asaga meno, afungua friji afunga, saa kumi alfajiri macho bado makavu, kukipambazuka ndo alala na hapo usimwamshe manake hasira atakazotoka nazo si za mtoto niliyemzaa mimi. Babake ni baharia, huja nyumbani mara moja kwa miezi kadhaa, kwa hivyo haya nayatazama peke yangu. Na si mimi tu, tukikutana kina mama Kongowea kununua mboga hadithi ni hiyo hiyo moja, kila mtu ana wake.

Sasa jumamosi mbunge wetu alikuja mtaani, likapigwa hema, viti vya plastiki, hundi za basari zikagawiwa, na mimi nikangoja mpaka maikrofoni ikafika kwangu nikasimama. Nikasema mheshimiwa, basari twashukuru, lakini mtoto mwenyewe wa kulipiwa hiyo basari ameshaharibikia kwa muguka, mwatusaidiaje? Akanijibu kwa upole, sitasema alinidharau, akasema mama hilo ni la gavana, kilimo na madawa ya kulevya ni kazi ya kaunti, mimi kazi yangu iko Nairobi. Watu wakapiga makofi, nikakaa chini.

Jumatatu nikafunga safari mpaka ofisi moja ya serikali hapa mjini. Nimekaa kwenye benchi kutoka saa tatu mpaka saa saba mchana, nilipoingia nikaambiwa mama sisi twakuelewa lakini sheria ya Nairobi yasema muguka ni zao halali, hatuwezi kulizuia, nenda kwa mbunge wako.

Naomba mtu anieleze kwa lugha ya kawaida, bila vyama na bila matusi. Ni nani hasa mwenye kazi hii? Na mbunge tuliyempigia kura tukampeleka Nairobi kazi yake ni ipi kama shida kubwa ya mtaa wake si yake?

---

mtu_wa_makaratasi

Wa aleikum salam mama yangu, pole sana. Mimi si wakili lakini nimechapa karatasi za mawakili miaka mingi pale karibu na mahakama, na haya ya muguka nimeyachapa mpaka nimeyajua, kwa hivyo nisome polepole manake ni marefu.

Wote wawili wamekupa nusu ya ukweli. Ukifungua Katiba ya 2010 ule mwisho kabisa kuna Jedwali la Nne, hapo ndo kazi zimegawanywa, hii ya kaunti hii ya serikali kuu. Upande wa kaunti utakuta kilimo, na chini kule utakuta pia udhibiti wa madawa ya kulevya. Kwa hivyo mbunge hakusema uongo. Lakini sera ya kilimo ya nchi nzima iko kwa serikali kuu, na hapo ndo Bunge liliingia. Mwaka 2013 kulitungwa Sheria ya Mazao, halafu 2016 Bunge likairekebisha miraa ikaingizwa kwenye orodha ya mazao rasmi, na muguka ni aina ya miraa, mti ni ule ule. Halafu 2023 zikaja kanuni za miraa, nazo zikapitia Bunge.

Sasa kumbuka Mei 2024. Gavana Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka Mombasa yote, kuingiza na kuuza, Kilifi wakafuata, Taita Taveta wakafuata. Sisi huku tulishangilia, wengine walilia manake ndo riziki yao. Haikupita wiki, rais akakaa Ikulu na viongozi wa Embu, kule muguka unakolimwa, akatoka akasema marufuku ile haina nguvu kwa sababu yagongana na sheria ya nchi, akataja hiyo hiyo Sheria ya Mazao na hizo kanuni za 2023. Na Mahakama Kuu ya Embu nayo ikasimamisha marufuku. Gavana alikuwa na Jedwali la Nne, Embu walikuwa na sheria iliyopita Bungeni, na Katiba kifungu cha 191 chaeleza ni wakati gani sheria ya taifa inaishinda ya kaunti zikigongana.

Kwa hivyo swali lako la ni nani, jibu langu ni hili: kufuli iliwekwa na Bunge na ufunguo uko Bungeni. Kifungu cha 95 cha Katiba kimeitaja kazi ya Bunge la Taifa, kuwakilisha watu wa maeneo bunge, kujadili na kutatua mambo yanayowasumbua watu, kutunga sheria, kugawa pesa za taifa na kuzifuatilia zinavyotumika, na kuwakagua wakuu wa serikali. Hilo la kutatua mambo yanayowasumbua watu limeandikwa kabisa, si mimi naliongeza. Na mtoto wako kutolala usiku ni jambo linalokusumbua.

Tena kuna kitu wengi hawakijui. Waziri akitunga kanuni, kuna Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inayosema lazima zifikishwe Bungeni, na kuna kamati nzima kazi yake ni kuzisoma na kusema hizi zikubaliwe ama zifutwe, wana siku 28. Wakinyamaza zikapita siku zao, kanuni zimekubaliwa. Mbunge yeyote wa Pwani angeweza kwenda mbele ya kamati ile akasema jamani kwetu haya majani yamemaliza vijana, na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na madawa, ambayo ni ya serikali hiyo hiyo, yasema yana kathinoni na kathini zinazolevya, wekeni basi kinga ya watoto wa shule. Mimi nimekaa kwenye kompyuta nikatafuta kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu za yote yanayosemwa Bungeni, iko wazi kwenye tovuti ya Bunge mtu yeyote aweza kusoma. Sitamtaja mtu, nendeni mkatafute jina la mbunge wenu na neno muguka mjionee wenyewe alisema nini na lini.

---

Bakari_Tudor

Mambo ya kutunga sheria ni hesabu tu. Mombasa tuna wabunge 6 na mwakilishi wa wanawake mmoja, saba kwa jumla, kati ya 349. Watafanya nini? Hawa jamaa wa bara ni wengi, watawashinda kila siku, mwawaonea bure wabunge wetu.

---

mtu_wa_makaratasi

Bakari ndugu yangu nilikuwa nafikiri hivo hivo mpaka nikaketi nikahesabu. Embu ina maeneo bunge manne, ukiongeza mwakilishi wa wanawake ni watu watano. WATANO. Sisi Mombasa saba. Meru wana tisa na mmoja, kumi. Embu na Meru pamoja ni 15.

Sasa hesabu Pwani. Mombasa 6, Kwale 4, Kilifi 7, Tana River 3, Lamu 2, Taita Taveta 4, hapo ni 26, weka wawakilishi wa wanawake sita ni 32, bado maseneta sita hujawagusa. Na akidi ya Bunge la Taifa ni watu 50, yaani kikao kina nguvu wakiwa hao tu ndani. Watu 32 wenye neno moja si wachache.

Mimi siwachukii Wameru wala Waembu, wallahi wabunge wao nawaheshimu. Uingereza ilipopiga marufuku miraa 2014 wale wakulima walikosa soko, wabunge wa Meru wakapiga kelele kila mahali, wakasukuma mpaka 2016 zao lao likaingia kwenye sheria. Hiyo ndo kazi ya mbunge, shida ya mtu wa kijijini kwake ameigeuza ikawa sheria ya nchi. Mkulima wa Mbeere kule Embu ana mtu wa kumsemea. Mama Salim naye anastahili wake.

---

Shaz_wa_Stej

Mimi nauza muguka. Nimesoma yote kutoka juu na sikutaka kuandika lakini roho yangu yaniambia niandike.

Dada UmmuSalim pole, nakuambia kama mzazi, mi pia nna wanne. Nilikuwa nafanya kazi hoteli Nyali, housekeeping, miaka tisa, ilipokuja korona 2020 hoteli ikafungwa na ilipofunguliwa tena sikuitwa. Mume wangu alikuwa turniboi wa malori, 2019 ilipotoka ile amri kontena zote za Nairobi zipelekwe na reli ya SGR malori yakalala yadi, tajiri akauza mawili, mume wangu akakaa nyumbani. Mwakumbuka watu walivyoandamana kila jumatatu hapa mjini kwa ajili ya bandari, na mwaka uliofuata mahakama ya Mombasa ikasema amri ile haikufuata Katiba manake watu hawakuulizwa. Mahakama imesema hivo ni vizuri, lakini sisi kwetu tayari tulishauza friji na makochi. Ndo nikaanza kibanda. Gari yaleta mzigo mchana, nafunga vifuko vya hamsini na vya mia, mpaka saa nne usiku niko hapo. Nalisha watu sita na hayo majani.

Nawaambia ukweli wa Mungu, mtoto wa yunifomu mimi simuuzii. Nikimuona tu namwambia rudi, nitamwita mwalimu. Lakini nikimfukuza aenda kibanda cha pili, yule jirani yangu amuuzia, na jioni yule ana pesa mimi sina. Na tangu nianze hakuna mtu hata siku moja aliyekuja kuniuliza wateja wako wana umri gani. Anayekuja ni wa ada, aandika risiti, aenda zake.

Kwa hivyo mkienda kuwaambia wabunge wapige marufuku tu, mimi na wenzangu mtatutupa, na muguka hautaisha, utaingia usiku kwa njia za panya na bei itapanda na anayeuza atakuwa mtu mbaya kuliko mimi. Lakini mkisema kuwe na sheria ya kibanda kukaa mbali na shule, na mtu akimuuzia mtoto afungiwe kabisa, hapo mimi naweka sahihi wa kwanza. Manake mimi ninayekataa watoto ndo ninayepata hasara sai.

---

Bakari_Tudor

Hapo kwa hesabu nimekubali, sikuwa najua Embu ni watano. Na dada Shaz umesema jambo la maana sana, mimi nilikuwa nafikiri wauzaji wote hawajali.

---

MwlMstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, Likoni, Changamwe, na mwisho Mvita, na nataka niongezee mawili.

La kwanza ni hili la binti Shaz, la kibanda kuwa mbali na shule. Si jambo geni, limeshafanywa kwa pombe, na lilifanywa na mbunge mmoja. John Mututho alikuwa mbunge wa Naivasha, mbunge wa kawaida, hakuwa waziri. Alipeleka mswada wake mwenyewe Bungeni, ukapita, ukawa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, na mpaka leo watu waiita sheria ya Mututho. Ndiyo iliyosema baa siku za kazi zifunguliwe saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Ndiyo iliyosema baa isipewe leseni ikiwa chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Vivyo hivyo ile Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ililetwa na Njoki Ndung'u, naye alikuwa mbunge wa kuteuliwa, hana hata eneo bunge, na siku zile kulikuwa na wanaume Bungeni waliompinga hadharani. Alivumilia mpaka ikapita. Mimi kama mwalimu nimeona watoto wakilindwa kwa sheria ile. Kwa hivyo mtu asije akaniambia mbunge mmoja hawezi kitu.

Binti UmmuSalim, hatua zako 140 hazifiki mita 300 hata kwa mtu mwenye miguu mirefu. Kile kibanda kingekuwa baa kingekuwa kimekosa leseni zamani.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu, sisi wenyewe tumewazoesha wabunge kazi nyingine. Nimekaa kwenye foleni ya basari na wajukuu wangu. Unaingia asubuhi una fomu, una barua ya chifu, una kopi ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, na karatasi moja ikikosa muhuri unarudi kesho. Watu mia tatu kwenye jua, wanawake wana watoto mgongoni. Na mheshimiwa akipita wote tunasimama, mmoja anaomba ada ya hospitali, mwingine ana matanga, mwingine timu yake ya mpira haina jezi. Nimewahi kusimama hapo zaidi ya mara moja na sijasikia hata mtu mmoja akimuuliza, mheshimiwa wiki iliyopita kulikuwa na kura Bungeni, wewe ulipiga vipi? Mimi mwenyewe sikuuliza, nilikuwa nangoja basari.

Hii CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ndiko basari zinakotoka, ilianzishwa kwa sheria ya 2003, inachukua asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kuu, na sikatai imejenga madarasa, mengine nimefundishia ndani. Lakini 2024 Mahakama Kuu ilisema ni kinyume cha Katiba, manake mtunga sheria hawezi kuwa yeye ndiye mtoaji wa mradi na yeye ndiye wa kuukagua. Mtu akishakuwa mgawaji wa hundi, nani atamsumbua kuhusu kanuni za miraa? Na mgawaji mwenyewe atapata wapi muda wa kuzisoma? Mimi naona hapo ndipo tulipopotezea wabunge wetu. Wale wa Mlima Kenya, kina Embu na Meru, nao wana CDF, wana basari, lakini mkulima wao akimwona mbunge humuuliza miraa yangu umeifikisha wapi. Sisi twauliza fomu zimetoka?

---

kibwana_ngambo

Shikamoo mwalimu. Mimi nitasema ya kufanya manake maneno tumepata ya kutosha.

Katiba kifungu cha 119 chasema mtu YEYOTE ana haki ya kupeleka ombi Bungeni, aombe sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Si lazima uwe wakili wala chama. Kuna sheria yake ya 2012 inayoeleza namna, na mimi nimesaidia kuandika moja ya mambo ya ardhi kwa hivyo najua. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, chagua Kiswahili mama wala usiogope, Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge. Laweza kuandikwa kwa mkono lakini lisiwe na mkato wa kalamu wala maneno yaliyofutwafutwa, ukikosea anza karatasi upya. Lugha iwe ya heshima. Useme shida ni ipi, useme ulishaenda wapi kutafuta msaada na ukajibiwa nini, hapo andika ile ya hema na ile ya benchi na tarehe zake. Useme kama jambo liko mahakamani au la, hili usilifiche manake muguka umefika mahakamani, mwulizeni ndugu wa makaratasi awape maneno sawasawa. Mwisho uandike unaloomba, moja mbili tatu, wazi kabisa. Halafu majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi, asiyejua kuandika aweka dole gumba.

Lapelekwa kwa karani wa Bunge, yeye ana siku saba kuangalia kama limefuata utaratibu, ama mbunge wenu alisome mwenyewe ukumbini, na hii ndo nzuri zaidi manake akikataa kulisoma mtajua na akikubali jina lake laingia Hansadi. Likisomwa lapelekwa kwa kamati na kamati yatakiwa kujibu ndani ya muda uliowekwa. Kamati yaweza kumuita waziri, kumuita afisa wa NACADA, na yaweza kumuita UmmuSalim akae kwenye kiti aeleze. Na msipeleke Bunge la Taifa peke yake, Seneti pia, manake hili lagusa kaunti na seneta kazi yake kwa Katiba ni kuzitetea kaunti.

Mtu aweza kuniambia maombi hutupwa kabatini. Mengine ndiyo. Lakini tuna mfano hapa hapa nyumbani. Owino Uhuru, wale watu walitiwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, watoto wakaugua, Phyllis Omido akaanza na mtoto wake mwenyewe aliyekuwa mgonjwa, hana cheo, akazunguka na wenzake ofisi baada ya ofisi wakirudishwa kama unavorudishwa wewe. Kiwanda kikafungwa 2014, jambo lile likafika mpaka Seneti, kamati ya afya ikalishughulikia, na 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikaendelea mahakama za juu miaka na mikaka, sisemi ilikuwa rahisi. Lakini lilianza na mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa na karatasi.

---

Shaz_wa_Stej

Mimi nitaweka sahihi, ila naomba muandike na wauzaji tunataka nini. Leseni iwe moja ya mwaka na iwe na masharti, si hii ya kulipa kila anayepita. Na huyo anayeuzia watoto afungiwe kweli, isiwe alipe kidogo kisha afungue kesho.

---

mtu_wa_makaratasi

Dada Shaz hilo ni ombi la tatu basi. Ukiwa na sahihi za wauzaji na za wazazi kwenye karatasi moja, kamati haitakuwa na la kusema, manake huwa wanaambiwa watu wa Pwani wamegawanyika wenyewe. Nitachapa bure, na kile kipande cha mahakamani nitakiandika mimi.

---

UmmuSalim

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili, nyingine nimemsomea jirani, na mwalimu shikamoo, umesema kweli, mimi mwenyewe jumamosi ile nilishukuru basari kwanza ndo nikauliza.

Nimeanza kuandika kwa mkono kwenye daftari la Salim la hesabu, lina kurasa nyingi safi manake halijatumika muhula huu. Maombi nimeweka matatu. La kwanza Bunge lirekebishe ile sheria na kanuni zake, kibanda cha muguka kisiwe chini ya mita 300 kutoka shule kama ilivyo baa. La pili anayemuuzia mtoto apokonywe leseni asirudishiwe. La tatu ni la Shaz. Nilikuwa nimeandika pia wapige marufuku kabisa, na moyoni bado nalitaka hilo, sitawaficha, lakini nimelikata kwa sababu nimefikiri ni lipi ambalo mbunge hatakuwa na njia ya kulikwepa, na hili la shule hatapata pa kupitia. Halafu nikakumbuka Kibwana amesema lisiwe na mkato wa kalamu, nikachana karatasi nikaanza upya.

Kina mama kumi na wawili mpaka sasa wamekubali, wawili hawajui kuandika wataweka dole gumba. Ijumaa baada ya Asri twakutana kwangu, aliye karibu aniandikie inboksi nimuelekeze, aje na kitambulisho na kalamu yake. Jumamosi nyingine mheshimiwa ana mkutano mtaa wa pili na mimi nitakuwepo na nakala mbili, moja yake aisome ukumbini, moja ya kunitilia sahihi kwamba amepokea.

Na jambo moja. Jana usiku Salim aliniona naandika akaniuliza ni nini hiyo mama. Nikamsomea yote, na ile sehemu yake nikamsomea, nikidhani atakasirika. Akanyamaza kitambo halafu akaniambia mama, umekosea hapo. Hicho cha hatua 140 si ndicho cha karibu, kuna kingine upande wa geti la nyuma, ndo hununuliwa na wale wa fomu moja.

Nimeenda asubuhi nikahesabu. Ni 65.